Moto wa Saa Kumi na Moja

Siku walipokuja kukipigilia kile kisanduku ukutani mwa kibanda chake, Bora alivaa kitenge kipya. Hakuna aliyemwambia avae. Alichoambiwa ni kwamba kuna wageni kutoka Lilongwe wanatafuta mahali penye umeme wa jua na pasipoibiwa ovyo, na katika safu nzima ya mafundi cherehani wa soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kibanda chake ndicho kilichokuwa na paneli juu ya bati na kufuli mbili mlangoni. Lakini mtu aliyekaa kambini miaka kumi na minne akisubiri jina lake lisomwe kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo hampokei mgeni wa ofisi akiwa na kitenge cha jikoni. Hujui nani anaandika nini.

Aliyekileta ni msichana wa Kimalawi, fundi wa mitambo, jina lake Tionge. Alieleza kwa Kichewa kwamba kisanduku kinapima hewa: kinaivuta, kinahesabu uchafu uliomo, kisha kinatuma hesabu Lilongwe kwa njia ya simu. Kichewa cha Bora ni cha sokoni, kile cha kubishana bei na watu wa Madisi, ila kilitosha. Alielewa kila neno. Hakuelewa tu kwa nini mtu apime hewa.

Kabla jua halijazama watu watano walikuwa wameshamletea jibu, tena bila kuulizwa. Wa kwanza alikuwa Nyandwi, jirani yake Mrundi anayeshona mashuka kibanda cha pili.

“Mama Merveille, fungua macho,” alimnong'oneza. “Bameanza kuchagua bantu ba kupanda ndege. Ile machine inasikiaka nani iko nakohoa. Mwenye kifua, dosiye yake inafungwa, na ya famille yote.”

Tafadhali usicheke. Wewe unayesoma haya labda una nchi, na nchi yako ina mlango unaoujua. Kambini, kila kitu kinachokuja na kalamu au waya kinahusu safari ya ng'ambo. Wakigawa vyandarua, ni hesabu ya familia. Wakipaka rangi choo cha shule, basi wageni wakubwa wanakuja kuchagua. Na habari ya kifua ilikuwa na mzizi wa kweli: zamani baba mmoja alikutwa na kifua kikuu siku chache kabla ya kupanda ndege, akaambiwa asubiri atibiwe. Alitibiwa, akaondoka. Lakini sehemu hiyo ya kwamba aliondoka haikusafiri na hadithi. Ikabaki ile ya kufungiwa, ikazaa nyingine, mpaka mtoto mwenye mafua ya kawaida akawa hatari kwa ukoo mzima.

Kwa hiyo watu wakaanza kupita mbele ya kibanda cha Bora kwa adabu za kanisani. Akina mama wenye watoto wenye kikohozi walizunguka kwa nyuma, kwa wauza maharagwe. Mzee mmoja alijibana kikohozi tangu kisimani hadi kinu cha unga, machozi yakimtoka, akikataa salamu kwa kutikisa kichwa. Na Bora, mwenye kulilinda hilo jicho la ofisi ukutani kwake, alikuwa na sababu ya kuliogopa kuliko wote.

Sababu yenyewe ilikuwa na miaka tisa na meno mawili ya mbele yaliyokuwa yakiota. Merveille alizaliwa hapo hapo Dzaleka. Baba yake, Asani, alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na tangu hapo Bora alikuwa na vitu viwili tu duniani: mtoto na faili. Faili la safari ya ng'ambo, hiyo dosiye aliyoitaja Nyandwi, lilifunguliwa tangu mwaka wao wa tatu kambini. Mtoto alianza kukohoa akiwa na miaka sita. Si kikohozi cha kuisha kwa maji ya tangawizi. Kilikuwa kikavu, chenye filimbi ndani, na baridi ikija kilimkamata kifuani kama mkono.

Hakuwahi kumpeleka zahanati ya kambi. Pale wanaandika jina, na jina lina namba, na namba ni ile ile ya faili. Badala yake alipanda kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabarani, akaenda Madisi kununua dawa nyekundu ya kifua, akimwambia muuzaji kwamba ni yake mwenyewe. Alimfundisha mtoto kukohoa ndani ya nguo. Ni jambo baya kumfundisha mtoto, na Bora alilijua, na alilifundisha vizuri.

Sasa, huyu Bora si mtu wa kukaa kimya pembeni. Ndiye aliyechaguliwa kuwa mama prezidante wa safu ya mafundi, cherehani ishirini na tatu, wanaume kwa wanawake, Wakongo wa Uvira na Fizi na Bukavu, Warundi kidogo. Alipochaguliwa, safu ilikuwa aibu tupu. Vipande vya kitambaa viliruka mpaka kwenye sufuria za jirani, vikaziba mifereji, wakati wa mvua watu wakagombana. Bora akaweka sheria: kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, kila fundi anafagia kwake na kuleta takataka zake nyuma ya kibanda cha prezidante, zinachomwa pamoja, safu inalala safi. Viongozi wa kambi walikuja kuangalia na kumsifu. Mafundi wakawa wanamtania kwamba hata rais hana usafi kama huu.

Zilichomwa sare za shule, yaani vipande vyake, polista ya kijani na ya bluu, pamoja na zipu, vifungo vibovu na plastiki za kufungia majora. Moshi wake ni mweusi na una harufu ya kitu kitamu kilichooza. Lakini mwezi wa sita na wa saba huku wilayani Dowa kuna baridi ya kuuma masikio, na moto ni moto. Watoto waliotoka shule walisogea kuota. Merveille alikuwa mmoja wao, kila jioni, kwa sababu mama yake alimwambia: kaa hapo pa joto, mwanangu, mpaka nimalize.

Jioni moja ya mwezi wa saba Merveille aliingia kibandani akitaka kusema neno na neno halikutoka. Alifungua mdomo, mabega yakapanda, shingo ikaingia ndani, na macho yakamtazama mama yake kwa mshangao zaidi kuliko hofu. Bora alimketisha, akamfungua vifungo, akamsugua mgongo, akamtaja Yesu kwa sauti ambayo haikuwa ya maombi hata kidogo. Ilichukua muda mrefu. Pumzi iliporudi, ilirudi nyembamba, na mtoto akalala palepale juu ya sare za watu.

Bora akabaki amekaa. Juu ya kichwa chake kile kisanduku kilikuwa kinawasha kitaa chake cha kijani, kimya, kama kawaida. Ndipo hasira ilipomjia, tena hasira safi. Hiki kitu kimevuta hewa ile ile anayovuta mwanangu kwa miezi minane! Kinajua. Kimemwambia mtu huko Lilongwe, na huyo mtu hajarudi kuniambia mimi.

Kesho yake alikwenda kwa Papa Ezechiel, katibu wa kanisa lao, mtu wa Bukavu aliyekuwa mwalimu, ambaye hata kuomba chumvi anaomba kwa aya tatu. Alimweleza kwamba anataka kujua hesabu za kisanduku. Mtoto hakumtaja.

Ezechiel alivua miwani. “Hii inchi iko na sheria, Mama Merveille. Muntu anaweza kuomba habari ku ofisi, na ofisi inapashwa kumujibu. Si kuomba musaada. Ni haki.”

“Hata mukimbizi?”

“Sheria inasema muntu. We si muntu?”

Bora alilifikiria swali hilo kuliko alivyotaka kuonyesha. Kisha akasema, “Basi andika.”

Ezechiel akaandika barua ya Kiingereza ya kurasa mbili, yenye heshima kiasi kwamba ombi lenyewe lilionekana karibu na mwisho. Ikatumwa. Wiki tatu zikapita. Simu iliyoandikwa pembeni mwa kisanduku iliita na kuita. Ezechiel akapendekeza barua ya pili. Bora akasema barua ya pili ni yeye mwenyewe, na akaenda kupanga foleni ya kibali cha kutoka kambini. Karani alisoma fomu yake, akasoma tena.

“Unakwenda Lilongwe kutafuta habari. Habari za nani?”

“Za hewa,” Bora alijibu.

Karani alicheka mpaka akaweka muhuri.

Ofisi ilikuwa upande wa Kanengo, katikati ya maghala na vinu, mahali ambapo harufu ya tumbaku inakukaa kooni kabla hujaona jani lenyewe. Mlinzi wa getini alimuuliza kama ana miadi. Hana. Basi arudi wiki ijayo. Bora alimshukuru, zikomo, akakaa chini kwenye ukingo wa saruji mbele ya geti, akatoa viazi vitamu kwenye mfuko, akaanza kula. Baada ya nusu saa mlinzi akamfuata kumuuliza hasa yeye ni nani. “Mimi ndiye mwenye nyumba ya kisanduku chenu cha Dzaleka,” alisema. “Kinakula jua langu.” Ama kweli kuna maneno yanayofungua geti. Tionge alishuka ngazi mbili mbili.

Alikuwa na haya, yule msichana, na naandika hivyo kwa kumsifu, maana haya si kitu cha kawaida ofisini. Barua alikuwa hajaiona. Lakini alijitetea kidogo.

“Habari zote tunazitangaza, amayi. Ziko kwenye tovuti kila siku, bure. Kila mtu anaweza kuziona.”

“Kila mtu yupi?” Bora aliuliza.

Tionge alisogeza makaratasi yake pembeni. Kisha akavuta kiti, akamkalisha mbele ya kompyuta, na akafanya lile lililopaswa kufanyika miezi minane nyuma: akamwonyesha.

Ilikuwa ni mistari. Kila siku ina mstari wake, na mstari ukipanda, hewa ni chafu. Asubuhi ulipanda kidogo, watu wanapowasha mbaula zao za mkaa. Mchana ulikaa chini. Saa kumi na moja jioni uliruka juu mpaka karibu utoke kwenye kioo, na kushuka ulishuka taratibu sana, hasa siku za baridi, kwa sababu, Tionge alieleza, baridi inaukandamiza moshi chini, kwenye kimo cha mtoto. Pembeni kulikuwa na mstari wa kisanduku kingine, cha hapo hapo penye viwanda. Saa hiyo ya jioni ulikuwa chini ya ule wa Dzaleka.

“Tumewashinda wenye viwanda,” Bora alisema, akacheka.

Tionge hakucheka. Aliweka kidole kwenye kioo. “Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna kitu. Saa kumi na moja mnafanya nini pale, amayi?”

Bora alitazama kidole cha msichana. “Tunafunga kazi,” alisema.

Tionge alimchapia mistari hiyo kwenye karatasi, akamwandikia pembeni kwa Kichewa mambo machache: moshi wa nguo za polista na plastiki ni sumu kwa kifua, unaumiza zaidi watoto, usichomwe karibu na watu. Bora aliikunja na kuiweka kifuani. Akapanda gari la kurudi. Alitaka kuikasirikia ofisi, na alikuwa na haki ya kuikasirikia. Miezi minane ni mingi. Lakini hasira haikukaa. Nani aliweka saa? Ni yeye. Nani aliweka moto nyuma ya kibanda? Ni yeye. Nani alimwambia mtoto akae hapo pa joto? Aibu aliyoiona siku hiyo sitaki kuipamba. Iliuma, basi.

Njia rahisi ilikuwepo, na aliiona vizuri. Angeweza kusema viongozi wamekataza moto, mambo yakaisha. Ila mafundi wangekwenda kumuuliza kiongozi, na uongo ungekufa siku hiyo hiyo. Akaamua kusema ukweli, sehemu yake tu: hesabu za karatasi. Jina la mtoto lingebaki ndani ya nyumba, na faili mahali pake.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja, mafundi walikusanyika na mafagio yao kama kawaida. Watoto walikuwa wameshajipanga kuzunguka rundo. Mulenda, fundi wa suruali kutoka Fizi, mwenye sauti ya kuita mbuzi mlimani, tayari alikuwa na kiberiti mkononi.

“Leo hatuchome,” Bora alisema. Akafungua karatasi, akaeleza mistari, saa, Jumapili, viwanda, sumu. Alieleza vizuri. Watu walisikiliza wakiwa wamekunja mikono.

“Mama Prezidante,” Mulenda alisema, “ni we njo uliweka hii sheria. Tulikutii. Sasa karatasi ya Lilongwe inakuja kuipangua? Mi nasoma vipimo ya suruali, hii mistari ya karatasi sijuwe. We nionyeshe mutoto moja. Moja tu! Mwenye iko nakohoa sababu ya hii moto. Hapa kwetu hakuna mutoto anakohoa. Nasema bongo, nadanganya, bamama?”

Akina mama walitazama chini. Na Bora akaona jinsi walivyofungwa wote. Kwa vinywa vyao wenyewe, kambi hii nzima haikuwa na kifua kimoja kibovu. Kisanduku kilikuwa kinahesabu moshi ambao, kwa habari za watu, haukuwa umemuumiza mtu yeyote. Mulenda aliuliza swali la haki, na jibu lake lilikuwa limesimama hatua tatu kutoka kwenye rundo, limevaa sweta la kijani.

Akamtazama mwanawe. Akafikiria faili, miaka kumi na moja ya faili, foleni, picha ndogo ndogo za pasipoti ambazo Merveille anakua ndani yake kutoka kichanga mpaka msichana. Alihisi kama anaokota mkasi kukata kitambaa ambacho hakuna kingine cha kuchukua nafasi yake.

“Iko wangu,” alisema. “Merveille anakohoa. Tangu miaka tatu. Mwezi wa saba alitaka kunifia mu mikono, hapa, ndani ya hii kibanda. Na mi njo nilimuketisha ku hii moshi.”

Bora alisubiri dunia yake ianguke, na akiwa bado anasubiri, Nyandwi akasema bila kuinua macho:

“Na Akeza wangu.”

Kisha mama mmoja wa nyuma. Kisha mwingine, aliyeanza kulia kabla hajamaliza jina la mtoto. Walitaja watoto tisa, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama watu wanaovua viatu vilivyowabana siku nzima. Mulenda alikuwa anageuzageuza kiberiti mkononi. Mwishowe alimsogelea Bora, na ile sauti ya mlimani haikuwepo.

“Ile sirop ya Madisi,” aliuliza, “ile nyekundu. Ya kwako inamusaidiaka? Ya kwangu hapana.”

Rundo halikuchomwa. Walijaza magunia, na wakagombana sana kuhusu wapi magunia yapelekwe, mpaka mtu akakumbuka kwamba vipande vinafaa kujazia mito, na wakagombana kuhusu hilo pia. Papa Ezechiel aliitwa aandike barua nyingine kwa ofisi: hesabu ziletwe kila mwezi, kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani. Safari hii Bora alimwambia aweke ombi juu kabisa.

Jumatatu alimpeleka Merveille zahanati. Alikuwa amevaa tena kile kitenge kizuri, maana kama wanafunga faili lako, ni bora wakufungie ukiwa umependeza. Muuguzi, mama wa Kimalawi aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wake, aliweka masikio yake ya mpira kwenye kifua cha mtoto, mbele, nyuma, akasikiliza kwa muda. Akauliza jina na namba. Bora akazitaja zote mbili.

“Tangu lini?”

“Miaka tatu.”

Kalamu ya muuguzi ikasimama. “Miaka mitatu, mama? Na unakaa hapa hapa?”

Basi Bora akamwambia. Alimwambia yote: kisanduku, safari, faili linalofungwa kwa ajili ya kifua, dawa ya Madisi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na uso wake ulikuwa wa huzuni.

“Hii ni pumu,” alisema. “Ina dawa ya kuvuta, na nitakufundisha leo. Mimi nimejaza karatasi za afya za wanaosafiri miaka sita. Sijaona hata faili moja lililofungwa kwa pumu. Hata wale wa kifua kikuu wanatibiwa, kisha wanakwenda. Nani alikuambia habari hiyo?”

Bora alifungua mdomo kumjibu. Nyandwi alimletea ya kisanduku tu; ya kifua na faili aliijua tangu zamani. Alitafuta uso, siku, sauti ya mtu. Alitafuta sana, miaka mitatu nyuma na zaidi, kisimani, kanisani, kwenye foleni ya mahindi. Hakumpata mtu.

“Sijuwe,” alisema mwishowe. “Lakini bale niliambia mi mwenyewe, nabajua bote.”

Alijifunza namna ya kushika dawa na namna ya kuhesabu pumzi, mara mbili, mpaka muuguzi akaridhika. Kisha akamshika Merveille mkono, wakatoka, na hakwenda kufungua kibanda. Alianza na mlango wa Nyandwi, kuwarudia mmoja mmoja wale aliowaambia.